Rafiki Yetu Akitenda Uovu



Mwanetu alipokuja likizo alituletea diski ya filamu ya zamani, The Third Man, iliyotengenezwa na Mwingereza Carol Reed mwaka 1949. Wajukuu walinung'unika kwa kuwa haina rangi. Tukawaambia wakae watazame vivuli. Haukupita muda, hakuna aliyekumbuka rangi tena. Katika mitaa ile ya giza, mwanga mdogo wa dirishani ukimwangukia mtu aliyejificha mlangoni hushtua moyo kuliko rangi zote.

Habari yenyewe ni ya mji wa Vienna baada ya Vita Kuu ya Pili, mji huo ulipogawanywa kati ya Marekani, Uingereza, Ufaransa na Urusi. Holly Martins, mwandishi wa Kimarekani asiye na fedha, anafika kwa mwaliko wa rafiki yake wa tangu shuleni, Harry Lime, aliyemwahidi kazi. Anakuta Lime anazikwa. Baadaye anagundua mambo mawili: rafiki yake yu hai, tena alikuwa akiuza kwa magendo penisilini iliyoibwa katika hospitali za jeshi, akiizimua ili apate nyingi ya kuuza. Waliotibiwa kwa dawa ile walikufa au kuharibika, na miongoni mwao walikuwamo watoto wenye homa ya uti wa mgongo.

Polisi wanamtaka Martins awasaidie kumkamata. Afanyeje? Wazee wetu walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Je, wema wa rafiki hulipwa kwa pingu?

Tusiwe wepesi kujibu. Anna, mwanamke aliyempenda Lime, anakataa katakata kumsaliti, wala filamu haimdharau kwa hilo. Naye Lime ana hoja yake. Juu ya gurudumu kubwa la kubembea, anamwonyesha Martins watu walio chini, wadogo kama nukta, na kumuuliza kama kweli angehuzunika nukta moja ikikoma kutembea. Ndivyo dhambi nyingi zinavyotendeka: kwanza twawatazama watu kutoka mbali mpaka wanakuwa hesabu tu.

Martins anasitasita, anakubali, kisha anaghairi. Ndipo afisa wa Kiingereza anampitisha katika wodi ya watoto. Nyuso za watoto wale hatuonyeshwi. Tunaona vitanda, wauguzi, na uso wa Martins mwenyewe. Anapotoka humo amekwisha kuamua.

Hapo tulisimamisha deki, tukanyamaza. Sababu ni hii. Miaka mingi iliyopita tulifundisha katika shule moja ya bweni. Mwenzetu mmoja, tuliyesoma naye chuo cha ualimu, alikuwa akitoa usiku unga na sukari ya wanafunzi na kuviuza. Tulijua. Lakini ndiye aliyetulipia nauli tulipofiwa na mama, tukasema moyoni, tutamlipaje hivi? Watoto wakanywa uji mwepesi kama maji muhula mzima, nasi tukipita bwaloni kila asubuhi huku tukitazama pembeni.

Tulijiita waaminifu kwa rafiki. Kumbe hata kwake hatukuwa waaminifu, maana hatukumwendea faraghani tukamwambia kosa lake, kama Bwana wetu alivyoagiza. Tulimwacha azidi kuharibika, na gharama ya urafiki wetu wakailipa watoto ambao hawakuwa na deni lolote.

Basi, tunavyoona sasa, urafiki hautudai kunyamaza. Unatudai tuwe wa kwanza kumwendea mwenzetu. Na akikataa kusikia, tukumbuke kuwa wale tusiowajua majina nao wana mama zao. Wala tusitazamie shukrani. Filamu inaisha kwa maziko ya pili, na Anna anampita Martins njiani bila hata kumtazama. Aliyetenda lililo haki anabaki peke yake barabarani.

Tunawashauri wazazi waitazame na vijana wao wakubwa, kisha wazime deki na kuzungumza. Sisi wazee tuanze kwa kujiuliza: ni mtoto gani hapa kwetu anayekunywa uji mwepesi leo, kwa sababu aliyeiba unga ni rafiki yetu?