Tumemnyima Neno, Kisha Tukamwita Bubu

Watu wa Kimulot, tusijifanye hatujui. Tulikuwepo nyumbani mwa jirani yetu mtoto wake alipozaliwa. Wazee wa kike walitaja majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, mpaka kichanga kikapiga chafya, nasi tukashangilia kwamba babu amerudi. Leo ni nani kati yetu anayemwita kwa jina la babu? Kwenye kituo cha kununulia chai anaitwa zezeta. Shuleni anaitwa bubu. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataka mtu mwenye ulemavu aitwe kwa namna isiyomdhalilisha, lakini sisi Katiba twaikumbuka tukidai shamba.

Jina tulimpa, jina tukamnyang'anya.

Mtoto huyu ana sindromu ya Down. Alizaliwa na kromosomu ya 21 ya ziada, wala hakulogwa na mtu. Wengi wenye hali hii hushika kwa muda mfupi mno maneno wanayoyasikia, huku wakishika vizuri zaidi wanayoyaona. Huelewa mengi kuliko wanayoweza kutamka. Wengi pia hupata maji nyuma ya ngoma ya sikio, hivyo neno huingia likiwa limefifia. Mchuma chai anajua kipimo: majani mawili na chipukizi. Mtoto huyu naye ana kipimo chake, maneno mawili matatu kwa mkupuo, nasi twamtwika kichaka kizima: "Nenda kwa shangazi uchukue sufuria kubwa, upitie dukani ununue chumvi na kiberiti, halafu ufunge lango ndama wasitoke!" Akifika langoni amebaki na ndama tu. Anachapwa. Anaitwa mkaidi.

Mkaidi ni nani hapo?

Bonasi ya chai ikilipwa, twabadilisha mabati. Masikio yake hayajapimwa hata mara moja. Twafanya harambee kijana wa jirani aende kusoma ng'ambo. Nauli ya mama huyu kwenda hospitali ya kaunti haikuchangwa. Jumapili twamwombea kwa machozi, na ibada ikiisha twawakataza watoto wetu kucheza naye. Mwalimu humweka dawati la nyuma darasa likiimba "rudia baada yangu", kisha humwandikia kwamba hafundishiki. Na mjuzi mmoja asiyeulizwa humshauri mama aache Kikipsigis, lugha yake, amsemeshe mtoto Kiingereza peke yake, ati lugha mbili zitamchanganya. Watoto wenye sindromu ya Down waliokulia katika lugha mbili wamechunguzwa, na haikuonekana kwamba lugha ya pili iliwarudisha nyuma. Mama akinyang'anywa lugha anayoiota usiku, atamsemesha mwanawe kwa nini?

Twajitetea kwamba wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache na wako mijini. Ni kweli, na serikali za kaunti zetu zina la kujibu. Lakini mwaka 1980 huko Uingereza, Leslie Duffen, mzazi kama sisi, alimwandikia mwanasaikolojia Sue Buckley kumweleza jinsi binti yake Sarah, mwenye sindromu ya Down, alivyoanza kusoma akiwa mdogo na jinsi kusoma kulivyomfungulia usemi. Neno lililoandikwa halipotei hewani; mtoto hulitazama mpaka alishike. Tangu hapo njia za kuwafundisha watoto hawa zimeendelezwa: picha, ishara za mikono, maneno machache, kumngojea ajibu, kumwongezea "moto" akisema "maji". Kumkaririsha orodha za maneno peke yake huleta faida ndogo, na mara nyingi hufifia zoezi likikoma. Hapo ni kipi kinachohitaji shahada? Kadi ya boksi la sabuni na kalamu vinapatikana hapa jirani, Mogogosiek.

Hatukukosa mtaalamu tu. Tulikosa subira, kisha tukaisingizia kaunti.

Na ukimya wa mtoto huyu tumeuzoea, hata twauita tabia yake. Wewe shangazi, wewe mwalimu, wewe mzee wa kanisa: mpeleke apimwe masikio. Kesho ukitaka kumtuma, mwite kwa jina la babu, mwonyeshe sufuria, sema neno moja, kisha nyamaza umngoje ajibu.