Akiba Iozayo

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Neno hilo ni la kweli katika fedha na nafaka iliyohifadhiwa vema. Lakini je, ni la kweli katika kitu ambacho uhai wake ni kutumiwa?

Mfano mmoja wapatikana Marekani. Mwaka 1977 kampuni ya Bally ya Chicago ilitoa mashine ya mchezo wa pinboli yenye jina na picha za Evel Knievel, mrukaji wa pikipiki. Pinboli ni meza iliyoinama, yenye kifuniko cha kioo. Mchezaji hurusha gololi ya chuma, kisha huizuia isitumbukie kwa vikono viwili aviendeshavyo kwa vitufe vya ubavuni. Knievel alisifika kwa kuanguka kama alivyosifika kwa kuruka. Tarehe 31 Desemba 1967 aliruka chemchemi za Caesars Palace mjini Las Vegas, akaanguka, akavunjika mifupa. Mashine iliuza ujasiri huo bila maumivu yake: gololi huanguka, mchezaji husalia mzima, akatia sarafu nyingine.

Leo mashine hiyo hutafutwa na wakusanyaji. Hupenda picha zake, taa zake, na kumbukumbu za ujana zilizomo. Lakini aghalabu bei hupanda kwa ubao ambao rangi yake haijachubuka. Hapo ndipo penye shida. Kila gololi ipitapo hula rangi kidogo, basi mwenye kuipenda sana huogopa kuicheza. Asilaumiwe upesi. Pasipo watu kama yeye, mashine nyingi zingalikwisha tupwa jaani, na vizazi vya baadaye visingaliziona.

Walakini mashine yenyewe ina hoja. Nyingi katika hizo ni za kielektroniki, na ndani yake mna betri ndogo, ambayo kazi yake ni kuhifadhi alama za juu kabisa umeme unapozimwa. Betri hiyo ikizeeka bila kuangaliwa huvuja, na majimaji yake hula ubao wa umeme ulio chini yake. Kilichowekwa kutunza habari za ushindi wa jana huzuia mchezo wa kesho.

Basi mmiliki hachagui baina ya kuchakaa na kudumu. Achagua baina ya kuchakaa kwa furaha na kuchakaa kwa kimya. Akiicheza kwa kiasi, akaifuta vumbi, akabadili mipira na betri, akamkaribisha na jirani ajaribu mkono wake, atapunguza bei kidogo, lakini ataijua mashine yake kama mchezo. Akiifunika daima atakuwa na sanduku zuri lenye picha ya mtu arukaye.

Kutunza ni wema, na woga waweza kuvaa nguo za wema huo. Mwenye mali ajipime hapa: je, akilindacho ni kile kitu, au ni bei yake?