Sala kwa Adui

Je, anayekufa bila kutubu anastahili kuombewa? Tony Kushner analiuliza swali hilo katika Angels in America, tamthilia iliyopanda jukwaani 1991. Humo, Mungu ameihama mbingu tangu 1906, na binadamu wameachwa peke yao.

Mhusika mmoja, Roy Cohn, ni wakili aliyeishi kweli: alifariki kwa UKIMWI 1986 huku akishikilia kuwa ni saratani ya ini. Jukwaani anamtukana Belize, muuguzi mweusi anayempenda mwanamume mwenzake, hadi siku ya mwisho. Lakini Cohn anapokata roho, Belize ndiye anayemwita Louis, mhusika Myahudi, amsomee Kaddish, sala ya Kiyahudi kwa wafu. Louis haikumbuki. Anayemtamkia maneno ni mzuka wa Ethel Rosenberg, aliyeuawa 1953 baada ya kushtakiwa na Cohn na wenzake.

Mimi ni muuguzi. Nimewafumba macho marehemu wengi, na naamini Belize yuko sawa. Hafuti dhambi ya Cohn. Anazichukua dawa zake za UKIMWI, AZT, ziwafae walio hai, na anahakikisha Cohn anaombewa. Haki bila rehema ni kisasi. Rehema bila haki ni dhuluma kwa aliyeonewa.