Stashahada na Mikorosho ya Mama

Swali wanalopenda watu kuuliza juu ya masomo ya biashara ni hili: je, yanalipa? Ni swali halali, wala sioni sababu ya kuwacheka wanaoliuliza. Kijana anayekwenda kusoma uhasibu, masoko au ununuzi na ugavi anakwenda kujifunza kupima gharama na mapato. Itakuwa ajabu akikataa kuyapima masomo yake kwa mizani ile ile. Lakini kwetu sisi wa Chiwata, na naamini kwa wenzetu wa Newala na Tandahimba pia, swali hilo lina upungufu. Linauliza kama masomo yanalipa, lakini haliulizi yanamlipa nani, tena kwa mali ya nani.

Hebu tupige hesabu kwanza, maana maadili yasiyojua hesabu ni rahisi mno kuyahubiri. Kijana aliyemaliza kidato cha nne akitaka stashahada huanza na astashahada ya mwaka mmoja, kisha husoma miaka miwili mingine. Tuseme ada ni shilingi 1,200,000 kwa mwaka, chumba na chakula 1,500,000, na nauli, vitabu, fomu na michango 300,000. Hizo ni namba zangu za mfano tu. Kila mtu aweke za chuo chake, kiwe Chuo cha Elimu ya Biashara kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1965, au tawi la Taasisi ya Uhasibu lililoko Mtwara. Zangu zinafika milioni tatu kwa mwaka, yaani milioni tisa mpaka kumaliza.

Sasa zigeuze ziwe korosho. Katika msimu wa mwaka 2018, wanunuzi walipogoma kupandisha bei, serikali iliamua kuinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wengi wakakaa miezi wakisubiri malipo. Kwa bei ile, kabla ya makato yoyote, milioni tisa ni kilo 2,727. Mkorosho uliotunzwa tuuhesabie kilo kumi kwa msimu. Basi hayo ni mavuno yote ya miti tisini na mmoja, misimu mitatu mfululizo. Kwa nafasi ya mita kumi na mbili kwa kumi na mbili wanayoshauri wataalamu, ekari moja huchukua miti ishirini na minane hivi. Tunazungumzia basi shamba la zaidi ya ekari tatu ambalo kwa miaka mitatu haliinunulii familia hata chumvi. Na hapo sijatoa gharama ya salfa ya kuzuia ubwiriunga, wala ujira wa vibarua wa palizi.

Tuje kwenye mapato. Tuseme bila stashahada kijana angepata 150,000 kwa mwezi kwa kuuza duka la mtu au kuendesha bodaboda, na akiwa nayo atapata 400,000. Tofauti ni 250,000 kwa mwezi, milioni tatu kwa mwaka. Lakini kwa miaka mitatu ya chuo aliziacha zile 150,000, jumla 5,400,000. Ongeza milioni tisa, unapata 14,400,000. Akiajiriwa siku ile ile ya mahafali, atazirudisha kwa miaka mitano pungufu kidogo. Akikaa nyumbani miaka miwili akipeleka barua za maombi bila kuingiza kitu, mzigo unafika milioni kumi na nane, na itambidi afanye kazi miaka sita kuufuta. Si mbaya. Mtu ana miaka ishirini na minne au mitano. Ana maisha marefu ya kazi mbele yake. Mhasibu yeyote angesema, nenda kasome.

Ila mhasibu huyo amefanya jambo moja ambalo hata mwanafunzi wake wa mwaka wa kwanza angelikataa: amechanganya vitabu vya watu wawili. Gharama kaziandika kutoka daftari la mama, mapato kayaandika kwenye daftari la mtoto, kisha kajumlisha kana kwamba ni duka moja. Ukivitenganisha, hesabu ya mama inasomeka hivi: ametoa milioni tisa, mtoto aliyepanga chumba mjini, anayepanda daladala mbili kila siku na ambaye karibu ataoa, anamtumia kwa simu shilingi 30,000 kila mwezi, tena tumsifu kwamba hakosi hata mwezi mmoja. Milioni tisa zitarudi kwa miezi mia tatu. Hiyo ni miaka ishirini na mitano. Mama huyo ana umri gani?

Kuna na ubaya mwingine ambao haumo kwenye namba zangu. Kalenda ya chuo haijui kalenda ya mkorosho. Miti huchanua katikati ya mwaka, na hapo ndipo salfa inapotakiwa. Korosho huokotwa kuanzia Oktoba, na fedha za mnada huja baadaye. Chuo kinataka ada wakati ua bado liko mtini. Ndiyo maana mzazi mwenye barua ya chuo mkononi ndiye mteja mwepesi kuliko wote wa kangomba, biashara ile ya pembeni iliyopigwa marufuku, ambamo korosho hununuliwa kwa bei ya kutupa kabla ya kufika kwenye mizani ya chama. Au huweka mikorosho rehani: mwenye fedha anatoa leo, anavuna misimu miwili au mitatu. Mvunaji wa rehani aghalabu hana haja ya kuutunza mti usio wake, na ukirudi kwa mwenyewe unarudi umechoka.

Kwa desturi za huku, ziwe za Wamakonde, Wamakua au Wayao, ukoo hufuata upande wa mama, na jambo la namna hii halipiti bila mjomba kuulizwa. Ndivyo nilivyoitwa kwa dada yangu, mwanawe alipopata nafasi ya chuo. Rehani ya misimu mitatu ilikwisha kusemwa. Mimi nilitakiwa kubariki tu. Nikamwuliza kijana: “Mpwa wangu, na hii miti ya mama yako itakuwaje?” Akajibu kwa adabu, naye si kijana mbaya hata kidogo: “Mjomba, nikipata kazi nitawakumbuka.”

Neno hilo sijaacha kulifikiri. Kukumbuka ni jambo la moyo; anayekumbuka hutoa kiasi apendacho, wakati apendao, na akitoa hushukuriwa. Kulipa kuna kiasi na siku, na aliyelipa hashukuriwi, ameondokewa na deni tu. Vijana wetu wanapokea kitu chenye uzito wa deni na kukijibu kwa lugha ya zawadi. Na sisi wazee tumewaachia, kwa sababu kumdai mtoto hadharani ni aibu kwetu.

Mwalimu Nyerere, katika miaka ya 1960, alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Asiporudi ni msaliti. Mfano ule ulikuwa na nguvu kwa kuwa ghala lilikuwa la taifa zima. Leo ghala ni la nyumba moja. Bodi ya Mikopo ilipoanza kazi mwaka 2005 ilitazama zaidi shahada, na mikopo ya stashahada iliyofunguliwa mwaka 2023 ilielekezwa kwenye fani kama afya, ualimu na kilimo. Anayekwenda kusoma biashara kwa kawaida hubebwa na nyumbani kwao. Msaliti wa taifa anaweza kujificha ndani ya umati wa watu. Lakini ghala la mama lina mlango mmoja, na waliolala njaa nyuma yake wana majina.

Najua jibu la upande wa pili, nami naliheshimu: mtoto si shamba la biashara, na mzazi anayesomesha ili alipwe amegeuza uzazi kuwa mkopo. Kweli kabisa kwa chakula, mavazi na shule ya msingi. Lakini miti hii haikuwa ya kijana peke yake. Ilikuwa ya kumlisha bibi yake, ya kumtibu mama yake, na ya kumsomesha mdogo wake wa kike ambaye siku ya kikao aliketi mlangoni na hakuna aliyemwuliza neno. Mzazi anaweza kusamehe kilicho chake. Je, anaweza kusamehe kwa niaba ya binti huyo?

Wala sisemi kijana asiende. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mkoani Mtwara mwaka 2007, mkulima amekuwa akipewa karatasi zenye makato asiyoyaelewa, na mtu wetu mmoja anayejua vitabu vya hesabu angetufaa kuliko hotuba kumi. Manufaa ya namna hiyo hayaonekani kwenye mshahara, na chama cha msingi hakiwezi kushindana na Dar es Salaam kwa malipo. Nilichomwambia mpwa wangu ni kimoja: asituahidi kutukumbuka. Aahidi miti. Mshahara wake wa kwanza, kabla ya kitanda na redio, uende kuikomboa misimu itakayokuwa imebaki, na baadaye aitunze mpaka irudie hali yake. Dada yangu aliinama, nadhani aliona haya kwa niaba yangu. Kijana alikubali mbele ya wote.

Yuko mwaka wa pili sasa. Mdogo wake amefika kidato cha tatu, tena hesabu anaziweza kuliko kaka yake. Shule za sekondari za serikali zilifutiwa ada mwaka 2016, lakini chuo kitamtaka milioni zile zile tatu kwa mwaka, na miti ya kumlipia ni ile ile. Imebaki misimu miwili mikononi mwa mwenye rehani. Nilipita shambani mwezi uliopita. Matawi makavu hayajakatwa, na nyasi zimefika kiunoni.