HAZINA ILIYO CHINI YA UKUTA WA MWENZIO

Kijana mmoja mchimba dhahabu, aliyejiunga na Jumuiya yetu si muda mrefu uliopita, alinijia baada ya sala ya Ijumaa akanieleza jambo lililomnyima usingizi. Yeye na wenzake wawili wa machimbo ya Geita walichanga fedha wakanunua chombo cha kupimia madini, kile ambacho wachimbaji hukiita detekta. Kisha wakasikia kwamba huko Shinyanga, katika ua wa nyumba kuukuu ya zama za Wajerumani, mvua ilifukua udongo ikaonekana sarafu ya shaba ya mwaka 1916. Katika nyumba hiyo anakaa bibi mjane pamoja na wajukuu zake mayatima. Wenzake wakashauri waende wakajifanye mafundi wa kutafuta maji ya kisima, wapitishe chombo chao uani, na palipolia waparudie usiku.

“Maalimu,” akaniuliza, “Mjerumani aliyezika amekwisha kufa, na bibi yule hajui kama kuna kitu. Mtu asiyejua kuwa anacho, je, aweza kuibiwa?”

Ndugu msomaji, usilidharau swali hili. Mwizi wa kawaida huiba kitu kinachojulikana, na mwenyewe akiamka hupiga yowe. Lakini hapa hapana atakayelia. Bibi atalala maskini kama alivyolala jana, wala hatahisi kupungukiwa. Ikiwa uovu wa wizi ni machozi ya aliyeibiwa tu, basi vijana hawa hawana hatia. Lakini ikiwa uovu huo una mzizi mwingine, yatupasa kuutafuta.

Sarafu zenyewe

Yafaa kwanza tujue kinachotafutwa. Wajerumani walipotawala nchi hii fedha yao ilikuwa rupia, na tangu mwaka 1904 rupia moja iligawanywa katika heller 100. Vita Kuu ilipozuka mwaka 1914, manowari za Waingereza zilifunga njia ya bahari, na fedha mpya hazikuweza kufika kwa urahisi kutoka Ulaya. Ndipo mwaka 1916 sarafu zikapigwa papa hapa nchini, mjini Tabora, katika karakana ya reli: za shaba za heller 5 na 20, na za dhahabu za rupia 15 zenye sura ya tembo na mlima nyuma yake. Dhahabu hiyo ilitoka machimbo ya Sekenke katika nchi ya Iramba, na sarafu zake zilizidi 16,000. Mwezi Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora, nao Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea kusini. Mwaka 1921 ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, na rupia zikabaki masandukuni na ardhini.

Kutokana na kurudi nyuma huko zimezaliwa hadithi nyingi za vyungu vya dhahabu vilivyozikwa chini ya miembe na kuta za maboma. Nyingi hazina shahidi. Apitaye na detekta katika ua wa kale hukuta zaidi misumari, vipande vya bati, vifuniko vya chupa, na senti za kikoloni zenye tundu katikati. Chombo hicho hulia kwa msumari kama kiliavyo kwa dhahabu. Hutambua mahali kitu kilipo, lakini hakitambui kitu hicho ni mali ya nani. Kazi hiyo ya pili ameachiwa binadamu.

Hoja mbili za nafsi

Nafsi ya mtafutaji huleta hoja mbili. Ya kwanza husema: mwenyewe amekufa. Lakini Uislamu haukufundisha kwamba haki huzikwa pamoja na maiti. Lau ingekuwa hivyo, kusingekuwa na hukumu za urithi, wala deni la marehemu lisingelipwa. Kuhusu mali iliyozikwa zamani, Mtume Mtukufu Muhammad (s.a.w.) aliamuru itolewe sehemu moja katika tano kwa ajili ya haki ya umma. Wanazuoni wakaeleza kwamba aliyeikuta katika ardhi isiyo ya mtu hubaki na sehemu nne. Ama ikiwa imekutwa katika ardhi ya mtu mwingine, wengi wao hawampi mgeni aliyeifukua. Na kitu kilichopotezwa na watu, aliyekiokota ameamriwa akitangaze mwaka mzima. Tazama basi tofauti: sheria ya Mungu yasema “tangaza”, nafsi yasema “nyamaza”.

Hoja ya pili ina ukweli ndani yake, na kwa sababu hiyo ni ya hatari zaidi. Husema: Mjerumani alitudhulumu, dhahabu hii ni jasho la babu zetu, basi kuichukua ni kurudishiwa haki. Ni kweli kwamba utawala ule uliwatoza watu kodi ya kichwa na nyumba, ukaizima kwa damu na njaa vita ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907, na katika Vita Kuu ukawabebesha maelfu ya wapagazi mizigo ambayo wengi wao hawakurudi nayo nyumbani. Lakini ikiwa dhahabu ni jasho la waliodhulumiwa, basi wenye haki ni waliodhulumiwa wote pamoja na vizazi vyao, wala si vijana watatu kwa sababu tu walikuwa na fedha za kununua detekta. Pengine babu wa bibi yule alikuwa mmoja wa wapagazi hao. Dhuluma haifutiki kwa kubadilisha mkono unaodhulumu.

Mayatima wasiojua

Sasa turudi kwenye swali. Katika Kurani Tukufu (18:83) twasoma habari ya ukuta uliokuwa karibu kuanguka katika mji ambao watu wake walikataa kuwakaribisha wageni. Mja wa Mungu aliyefuatana na Nabii Musa (a.s.) aliusimamisha bila ujira, kisha akaeleza sababu: chini yake palikuwa na hazina ya mayatima wawili, na baba yao alikuwa mtu mwema.

Ndugu msomaji, zingatia jambo moja. Habari ile haisemi kwamba mayatima wale walijua kilichokuwa chini ya ukuta, wala kwamba walikuwa na nguvu ya kukilinda. Hata hivyo Mwenyezi Mungu anaiita hazina ile kuwa yao. Kwa hiyo haki ya mtu haitegemei ujuzi wake, inategemea ujuzi wa Mungu. Na mja yule aliyejua siri, alitumia ujuzi wake kujenga ukuta, hakuutumia kufukua. Hilo ndilo jibu la kijana wetu. Ujuzi ulio nao wewe na hana mwenzio ni amana uliyopewa kwa ajili yake.

Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume Mtukufu (s.a.w.) alisimulia habari za mtu aliyenunua shamba akakuta ndani yake chungu cha dhahabu. Akampelekea muuzaji, akidai kuwa yeye alinunua ardhi tu. Muuzaji akakataa, akidai kuwa aliuza ardhi na vyote vilivyomo. Walipomwendea mwamuzi, aliwauliza habari za watoto wao. Na kwa kuwa mmoja alikuwa na mvulana na mwingine binti, akaamua waozwe, dhahabu itumike kwao na sehemu itolewe sadaka. Hapakuwa na aliyelia. Kila mmoja aliogopa kula kisicho chake, hata kama ulimwengu mzima ungenyamaza.

Usiku na damu

Ipo dalili ya wazi ya kupambanua utafutaji wa halali na wa haramu. Utafutaji wa halali huenda mchana. Humwendea mwenye nyumba na kumwambia kweli, hupatana naye mbele ya mashahidi, na huwauliza wakuu wa serikali, kwani tangu mwaka 1964 nchi hii ina Sheria ya Mambo ya Kale inayohifadhi mabaki ya zamani na kutaka leseni kwa achimbuaye. Utafutaji wa haramu huhitaji usiku, uongo, na mwishowe mganga.

Mganga naye husema kwamba hazina inalindwa na majini, nao wanataka damu. Sisi wa kanda hii hatuwezi kulitamka neno hilo kama mzaha. Ndugu zetu wenye ualbino waliuawa Shinyanga, Mwanza na kwingineko kwa imani hiyohiyo ya kutafuta utajiri. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu 3 waliomwua mtoto mwenye ualbino. Wauaji hao hawakuanza na damu. Njia yao ilianzia pale mtu alipojiambia kuwa mali ni bora kuliko haki ya asiyeweza kujitetea.

Hazina inayogawiwa

Wafasiri wa Jumuiya yetu wameeleza kwamba safari ile ya Nabii Musa (a.s.) ilikuwa njozi ya kiroho, na kwamba hazina ya mayatima ni mafundisho ya kweli yaliyoachwa na baba yao mwema, Nabii Ibrahimu (a.s.), yakahifadhiwa mpaka wakati wake. Aidha, Mtume Mtukufu (s.a.w.) alitabiri kwamba Masihi atagawa mali hata asipatikane wa kuipokea. Dhahabu ya Sekenke haikataliwi na mtu. Kinachokataliwa ni hazina ya elimu ya Mungu, na ndiyo maana vitabu vya Masihi Aliyeahidiwa (a.s.) vilivyokusanywa katika majuzuu 23 vimeitwa Hazina za Kiroho. Hazina hiyo haina haja ya usiku, na anayeichukua hampunguzii yatima chochote.

Kijana yule alirudi kwa wenzake akawaambia hatakwenda usiku. Mmoja alimcheka akaondoka na sehemu yake ya fedha. Yeye na yule mwingine walimwendea bibi mchana, wakamweleza yote, hata hila waliyokuwa wameikusudia. Bibi alinyamaza kitambo, kisha akasema atawaita wanawe na mwenyekiti wa mtaa, na hapo wataamua. Mpaka ninapoandika haya bado hawajaamua, na ua ungali haujachimbwa.

Nilimwuliza amefaidi nini. Akajibu, “Maalimu, nalala.”

Mwenyezi Mungu atujaalie macho ya kuona haki ya asiyeijua haki yake, na mikono ya kuusimamisha ukuta wake. Amin.