Mwalimu Anasoma Ili Aondoke

Karibu na soko la Nateete, hapa Kampala, kuna duka la fotokopi lenye kompyuta mbili na binti mmoja anayechapa kwa kasi huku simu imebanwa begani. Mwisho wa muhula, wateja wake wakubwa huwa si wanafunzi, ni walimu. Wanakuja na karatasi zilizoandikwa kwa mkono pande zote mbili, wanasubiri zamu, na kila mmoja ana tarehe ya chuo inayomkimbiza.

Juzijuzi nilikwenda kutoa nakala ya kitambulisho, nikajikuta kwenye foleni nyuma ya jirani yangu, mama anayefundisha darasa la tatu katika shule moja ya serikali. Begani alikuwa na mkoba wa chuo, na mkononi kaveera nyeusi iliyojaa madaftari ya watoto ambayo hayajasahihishwa. Binti alikuwa amekwama. "Madamu, hili jina linaandikwaje?" Lilikuwa Vygotsky, yule mwanasaikolojia wa Urusi ambaye mwalimu hamalizi chuo bila kukutana naye. Jirani yangu hakumsomea herufi moja moja. Alimwambia kwanza asikilize. Akalitamka polepole, akigonga kaunta kwa kidole kila silabi, kisha akamwacha binti ajaribu. Alipokosea, hakumrudisha mwanzo. Alimrudisha kwenye silabi ile ile iliyomponyoka, basi. Dakika moja haikuisha, jina likawa limekaa sawa kwenye skrini.

Sasa, huyo Vygotsky alisema nini? Kwamba mtoto hukua akisaidiwa na anayejua zaidi, tena kwa kiasi kile tu cha kumvusha hatua asiyoiweza peke yake. Yaani mambo yaliyofanyika pale kaunta ndiyo yaliyokuwa yakichapwa kwa pesa. Yaliyo kwenye karatasi yatapewa alama. Ya kaunta hayana wa kuyahesabu.

Jirani yangu ana cheti cha Gredi ya Tatu, na juu yake ameongeza stashahada. Kwa miaka mingi Gredi ya Tatu ndiyo iliyokuwa pasipoti ya kuingilia darasa la shule ya msingi Uganda. Mwaka 2019 ikaja Sera ya Taifa ya Walimu, ikasema sasa kila mwalimu, hata wa chekechea, awe na shahada. Vyuo vya ualimu vikaanza kupangwa upya chini ya taasisi mpya iitwayo UNITE. Mwaka 2025 Bunge likapitisha muswada wa kuunda baraza la kuwasajili walimu na kuwapa leseni, kama ilivyo kwa madaktari na mawakili. Kusoma sasa si hiari ya mwenye bidii tena.

Nisieleweke vibaya. Mwalimu asiyesoma ni hatari kwa watoto wa watu. Tangu 2010 wenzetu wa shirika la Uwezo wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba na kutuonyesha jambo lile lile: watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma na kuelewa hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Mzazi akiniambia anataka mwanawe afundishwe na mtu mwenye shahada, sina ubishi naye. Ninachobishia ni njia tunayompitisha mwalimu kuifikia hiyo shahada, na mahali inapompeleka akishaipata.

Tuanze na njia. Mshahara wa mwalimu wa Gredi ya Tatu ni kama shilingi laki tano za Uganda kwa mwezi. Humo humo mna kodi ya nyumba, ada za watoto wake mwenyewe (maana shule za bure zina michango yake) na sasa ada ya chuo. Anayesoma Chuo Kikuu cha Kyambogo akiwa anaishi Nateete anaukata mji mzima, toka magharibi hadi mashariki: taksi ya kwanza mpaka Old Park, akiomba Mungu foleni ya Ndeeba isimkwamishe, kisha ya pili mpaka Banda. Jioni anarudi vivyo hivyo. Masomo yanapangwa wakati wa likizo, kwa hiyo likizo hana. Mkopo wa SACCO unakatwa kwenye mshahara kabla hajauona. Muhula ukifunguliwa, anasimama mbele ya watoto zaidi ya themanini akiwa amechoka kuliko alipofunga.

Ndiyo maana nasema elimu hii tumeiagiza sisi na tumemwachia yeye bili.

Kenya waliliona hilo likilipuka mapema. Septemba 2021 Tume ya Utumishi wa Walimu, TSC, ilizindua mafunzo ya moduli sita, kila moja ikichukua miaka mitano, na mwalimu ajilipie shilingi elfu sita za Kenya kwa mwaka. Piga hesabu: miaka thelathini, takribani maisha yote ya kazi. Vyama vya walimu vikaja juu, na walimu wakauliza swali ambalo hakuna aliyelijibu vizuri: mwajiri akitaka fundi wake ajue mashine mpya, nani analipia?

Tanzania wamekwenda njia nyingine, wanaiita MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Walimu wanakutana pale pale shuleni, wanajadili somo lililowashinda, wanatazamana wakifundisha. Sidhani kila shule inafanya hivyo kwa moyo. Tunajua jinsi mikutano inavyogeuka kuwa daftari la mahudhurio. Lakini wazo limekaa pazuri, kwa sababu linaanzia darasani.

Na Uganda tulikuwa nalo! Hili ndilo linalonikera. Katika miaka ya tisini kulianzishwa mpango ulioitwa TDMS, na ndani yake wakawepo wakufunzi wa vituo, wale CCT, kila mmoja akiwa na pikipiki na shule kama ishirini za kuzizungukia. Walimu wa umri wangu wanawakumbuka vizuri. Pikipiki inaingia uwanjani, mwalimu mkuu anavaa koti, mkufunzi anaingia darasani na kukaa nyuma kabisa, kwenye benchi la watoto, magoti yakigusa kidevu. Hasemi kitu. Kengele ikilia, wanatoka yeye na mwalimu, wanakaa chini ya mwembe, na hapo ndipo kazi inapoanza: mbona ulimuuliza yule yule mara nne? Wale wa pembeni dirishani uliwaona? Mwalimu mmoja mstaafu aliniambia kwamba maneno ya chini ya mwembe ndiyo aliyoyatumia mpaka anastaafu. Ya chuoni aliyatumia kwenye mtihani.

Kisha Januari 1997 elimu ya msingi bila ada ikaanza, na wanafunzi wakaruka kutoka kama milioni tatu hadi zaidi ya milioni tano ndani ya mwaka mmoja. Hakuna pikipiki inayoweza kulikimbiza ongezeko kama hilo. Mfadhili wa mpango ule akamaliza muda wake, mafuta yakawa hadithi, na ule mti ukabaki wa kuegesha baiskeli.

Kwa hiyo tukahamia kwenye karatasi, kwa sababu karatasi inahesabika ukiwa ofisini.

Turudi kule shahada inakompeleka mwalimu. Jirani yangu alipojaza maombi ya chuo, fomu ilimpa kuchagua: ualimu wa msingi au masomo ya sekondari. Mama huyu, ambaye mtoto wa miaka minane anasoma mkononi mwake kama ua linavyofunguka asubuhi, alichagua sekondari. Historia na Dini. Nilishangaa, naye akanishangaa mimi kwa kushangaa.

"Mzee, wewe unajua nikimaliza hiyo ya msingi nitalipwa ngapi?"

Sikujua.

"Hiki hiki ninacholipwa sasa, mpaka nafasi itangazwe, niombe, niitwe kwenye usaili, nipite. Nina rafiki ana shahada yake kabatini, bado yuko kwenye mshahara wa Gredi ya Tatu."

Sekondari, hata ya masomo ya sanaa, mwenye shahada anapata milioni moja na ushei. Angekuwa wa sayansi angepata milioni nne, kwa uamuzi wa mwaka 2022 uliowafanya walimu wengine wagome mwezi wa Juni mwaka ule ule. Shahada hizo mbili zilisomewa miaka sawa, na chaki ni ile ile. Mimi si mchumi, ila mama huyu amefanya hesabu ambayo mtoto wake wa darasa la tatu angeiweza.

Hapo ndipo sera inapojipiga mtama yenyewe. Tulitaka shahada ifike kwenye madarasa ya chini, huko ambako kusoma kunaanza au kunakufa. Lakini tumepanga malipo kwa namna ambayo anayeipata shahada hana sababu ya kubaki huko. Aliye bora, mwenye akili na bidii ya kusoma usiku, ndiye anayeondoka kwanza. Tunalazimisha masomo kwa jina la mtoto wa darasa la tatu, kisha tunamnyang'anya mwalimu wake kwa masomo hayo hayo.

Wako wanaosema walimu wamezidi kulalamika, kwamba zamani mwalimu alifanya kazi kwa wito. Wito! Wakati shule zilipofungwa kuanzia Machi 2020 mpaka Januari 2022, isipokuwa madarasa machache kwa vipindi, niliwaona walimu wa shule binafsi hapa Nateete wakiuza nyanya na kuendesha boda. Wengine hawakurudi darasani. Wito wao haukuwalipia kodi ya nyumba.

Na kama ni zamani, Nateete ina zamani yake. Alexander Mackay, mmisionari Mskoti aliyefika Buganda Novemba 1878, aliweka makazi yake hapa. Alikuwa mhandisi, si kasisi; aliwafundisha vijana kusoma huku akichapa kurasa kwa mashine ndogo, na Kiswahili kikiwa moja ya lugha walizoanzia. Wanafunzi wake wakafundishana wenyewe kwa wenyewe, kwa siri ilipobidi. Watatu kati ya vijana wa misheni ile waliuawa Januari 31, 1885, kule bondeni Busega, mwendo mfupi kutoka soko letu. Sisemi turudi enzi za mtu kufundisha bila cheti. Wakati ule darasa lilikuwa vijana wachache waliotaka wenyewe, leo ni themanini na zaidi walioletwa na sheria. Nasema tu kwamba mtaa huu umewahi kuona ujuzi ukipita kutoka mtu hadi mtu, bila ofisi katikati.

Watakaoandika kanuni za kuhuisha leseni za walimu nawaomba mambo mawili, wala si makubwa. Kwanza, saa ambayo mwalimu anakaa nyuma ya darasa la mwenzake, kisha wakazungumza, ihesabiwe sawasawa na saa ya ukumbi wa chuo. Mwalimu mkuu aisaini, na mkaguzi aje siku asiyotarajiwa aone kama kweli wanakaa. Pili, mwenye shahada anayebaki darasa la kwanza hadi la tatu alipwe sawa na mwenzake wa sekondari, tangu mwezi ule anapowasilisha cheti, bila kusubiri nafasi itangazwe. Hili la pili lina gharama, najua, na Wizara ya Fedha itauliza pesa zitoke wapi. Ilipotafuta milioni nne kwa walimu wa sayansi, ilizipata.