Mpigie Mama wa Lubumbashi

Mwanangu, vuta hicho kiti, na hiyo simu izime kwanza. Sina nguvu za kugomba; ngazi za hapa Mtaa wa Kongo zimeshanimaliza magoti.

Cheti cha tovuti ya duka kimeisha muda, mara ya tatu. Hilo tutalizungumza. Kilichoninyima usingizi ni ujumbe wa sauti uliomtumia yule mama wa Lubumbashi: "Mama, ikitokea ile pembetatu nyekundu ya onyo, wewe bonyeza tu kuendelea." Ewe mtoto! Mama wa watu anatuma pesa ya belo za vitenge kwa duka ambalo mara nyingi halioni ila kwenye simu. Hapa Kariakoo noti ya elfu kumi huinuliwa kwenye mwanga kabla ya kuingia droo. Wewe umemwambia asiinue. Siku tapeli akijipenyeza kati yake na sisi, kivinjari kitapiga kelele zilezile, naye ataendelea, maana fundi wa duka ndiye aliyemfundisha.

Haya, cheti. Let's Encrypt wanatoa vyeti bure tangu mwisho wa 2015, na hivi vyetu ni vya siku 90. Programu ya certbot huvihuisha yenyewe zikibaki 30. Unasema hukukumbushwa kwa barua pepe? Kweli, waliacha kuzituma Juni 2025. Lakini wewe ulifunga poti 80 kwenye seva ya kukodi, eti mtu kakwambia ni mlango wa wezi. Mtoa cheti hupita hapohapo: hukupa neno uliweke kwenye faili la tovuti, kisha huja kulisoma, ajue jina la duka kweli liko mikononi mwako. Akikuta pamefungwa, anarudi zake.

Na ile mara ya pili, unakumbuka? Cheti kipya kilikuwa kimelala kwenye diski wiki tatu, programu ya seva, Nginx, inaonyesha cha zamani, kwa kuwa hakuna aliyeiambia isome upya. Agizo hilo liweke kwenye certbot mara moja, uachane na kuamka usiku. Kisha endesha `certbot renew --dry-run`, ujaribu kabla mambo hayajaharibika. Mwisho fungua tovuti kwa simu yako, utazame tarehe kwa macho yako.

Usinijibu kwamba utanunua cha mwaka mzima. Wakubwa wa vyeti na vivinjari walipiga kura Aprili 2025: kuanzia 15 Machi 2026 mwisho siku 200, mwaka unaofuata 100, na 2029 zitakuwa 47. Siku 47! Mzigo wa Guangzhou ukikwama kidogo bandarini unazipita. Huwezi kuhuisha kwa mkono na kalenda ya ukutani.

Sasa washa simu. Mpigie yule mama, mwamkie, mwombe radhi. Mwambie akiiona tena pembetatu hiyo afunge, apige dukani. Mpigie hapahapa, nisikie.